Je, wajua kwa nini mashine ya boti inaweza kutoa cheche nje na bado ikakataa kuwaka?

Mashine kuukuu ya boti, ile inayofungwa tezini na kutumia petroli iliyochanganywa na oili, inapovutwa kamba mara nyingi bila kuwaka, jambo linalofanywa mapema katika fukwe nyingi za mwambao ni kufungua plagi, kuirudisha kwenye kofia yake, kuigusisha kwenye chuma cha injini na kuvuta kamba tena huku macho yote yakiwa kwenye ncha. Cheche ikionekana, inaamuliwa papo hapo kwamba umeme ni mzima, na kazi yote inahamia kwenye kabureta. Huenda uamuzi huo ukawa sahihi, lakini jaribio lenyewe haliuthibitishi, kwa sababu cheche imepewa kazi iliyo nyepesi mno kuliko ile inayoisubiri ndani ya silinda.

Injini ya petroli inahitaji mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, mgandamizo, na cheche inayofika kwa wakati wake. Ikiwa kamba ya usalama (ile inayozima injini ikichomoka) iko mahali pake na plagi inatoka kavu baada ya kuvuta mara kadhaa, petroli haifiki: tundu la hewa la kifuniko cha tangi limefungwa, mpira wa kusukumia mafuta umechoka, au vijitundu vya kabureta vimezibwa na utando unaoachwa na petroli iliyolala muda mrefu. Ikitoka imelowa, mafuta yanafika, na swali la cheche linapaswa kufunguliwa upya hata kama imeonekana kwa macho.

Hewa kwa kawaida haipitishi umeme. Ili cheche iruke, elektroni chache zilizo huru kwenye mwanya wa plagi lazima zivutwe na volti hadi zipate kasi ya kutosha kuzigonga molekuli za hewa na kung’oa elektroni nyingine, ambazo nazo hugonga na kung’oa, mpaka njia nzima ipitishe umeme. Fikiria mtu anayetaka kukimbia kwenye gati la kivuko la Magogoni, Dar es Salaam. Abiria wakiwa wachache, hupata hatua kadhaa za kuongeza kasi kabla ya kumgonga mtu, na akimgonga humyumbisha vilivyo. Kivuko kikishafika na gati likafurika, hamalizi hata hatua moja kabla ya kugota kwenye bega la mwingine, na mgongano huo hauna nguvu ya kumyumbisha yeyote. Ili amyumbishe mtu katika msongamano ule, inabidi asukumwe kwa nguvu kubwa zaidi tangu hatua ya kwanza, na msukumo huo ndio volti.

Pistoni inapopanda, ndiyo inayolijaza gati. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti inayohitajika ili cheche iruke hutegemea shinikizo la gesi likizidishwa kwa upana wa mwanya. Injini nyingi za aina hii huukandamiza mchanganyiko hadi takriban moja ya sita au moja ya saba ya ujazo wake wa awali. Kwa hiyo plagi yenye mwanya wa milimita 0.9, ikiwa ndani ya silinda, hufanya kazi inayokaribia kuruka milimita 6 katika hewa ya wazi. Hesabu hii ni ya makadirio: cheche hutokea kidogo kabla pistoni haijafika juu, ringi zilizochakaa huvujisha, na kingo kali za plagi hupunguza volti inayohitajika. Hata hivyo tofauti inabaki kuwa mara kadhaa, na koili (msokoto wa waya unaotoa volti ya cheche) iliyochoka inaweza kuimudu kazi ya nje huku ikishindwa kabisa ile ya ndani.

Jaribio la ufukweni hupotosha kwa njia nyingine pia. Umeme wa mashine za zamani huzalishwa na sumaku zilizo ndani ya gurudumu zito la juu, zinapopita mbele ya koili, na kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831 inasema kwamba volti huongezeka kadiri sumaku inavyopita kwa kasi. Plagi ikiwa nje, hakuna mgandamizo unaoipinga kamba, hivyo gurudumu huzunguka kwa kasi zaidi kuliko wakati plagi imefungwa. Cheche inapata nguvu zaidi wakati uleule ambapo kazi yake imepunguzwa.

Tena kuna masizi ya oili na chumvi. Vyote viwili huweza kuweka juu ya kauri ya plagi, au kwenye waya wenye ufa, njia ya pembeni ambayo umeme huvujia. Nje, cheche huruka mapema, kabla volti haijapanda sana. Ndani, volti inalazimika kupanda zaidi, na inapopanda ndipo uvujaji unapoinyonya. Rangi nayo isitegemewe mno, maana chembe za chumvi zinaweza kuitia cheche unjano.

Kipimo cha haki ni kurefusha mwanya wa nje. Vitabu vya matengenezo ya mashine za boti hutaja mwanya wa majaribio wa milimita kadhaa, kwa mfano 9, na mafundi hutumia kifaa kidogo chenye ncha mbili zinazoweza kusogezwa, kilichounganishwa na chuma cha injini. Jaribio lifanyike kivulini, mbali na tundu la plagi na mvuke wa petroli, na waya za silinda nyingine ziunganishwe na chuma, kwa kuwa mifumo ya kielektroniki huweza kuharibika umeme ukikosa pa kwenda.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini plagi mpya huonekana kuponya mashine. Kingo zake bado ni kali, kauri yake ni safi, na mwanya wake haujapanuka kwa kuliwa, kwa hiyo inahitaji volti ndogo kuliko ile ya zamani. Koili dhaifu inaimudu kwa wiki chache, kisha mashine inakataa tena na plagi nyingine inanunuliwa. Mashine inayodai plagi mpya kila mara, ilhali mafuta yake yamechanganywa kwa kipimo sahihi, inafaa ikaguliwe koili, waya na kofia ya plagi, na kama ni ya mfumo wa zamani zaidi, platini (swichi inayokatiza umeme ili cheche itokee) na kondensa inayofanya kazi nayo, vilivyo chini ya gurudumu.