Wati haziendi "kwa saa"

Juzi dukani nilikuwa nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anachagua birika la umeme. Akamuuliza muuzaji, "Hili linakula umeme kiasi gani?" Kijana akaligeuza, akasoma kitako, akajibu bila kusita: "Wati elfu mbili kwa saa, mama." Mama akalirudisha rafuni, akaondoka. Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi, kwa wauzaji, hata redioni, na anayeumia ni yuleyule: mtu aliyeuliza kwa sababu anahesabu uniti zake za LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Wati ni kipimo cha kasi ambayo kifaa kinatumia nishati ya umeme. Zidisha volti (msukumo wa umeme) na ampea (wingi wa umeme unaopita), umepata wati. Gawanya volti kwa ampea, umepata omu, yaani ukinzani wa waya unaopashwa moto humo ndani. Ukijua namba mbili kati ya hizo nne, mbili zilizobaki utazipata mwenyewe.

Tulitazame birika lenyewe. Kitakoni limeandikwa volti 220–240, wati 1850–2200. Wengi hudhani ni kama feni, kuna mwendo wa chini na wa juu. Gawanya 1850 kwa 220, unapata ampea 8.4, kisha 220 kwa 8.4, ni omu 26. Sasa fanya hivyo kwa zile namba kubwa: 2200 kwa 240 ni ampea 9.2, na 240 kwa 9.2 ni omu 26 tena. Waya ni uleule, ukinzani ni uleule. Kinachobadilika ni umeme unaotoka ukutani. Kwa volti 230 utapata wati 2000 na kidogo. Jioni umeme ukishuka hadi volti 180, ampea zinashuka karibu na 7 na wati zinabaki kama 1250. Ndiyo maana maji ya chai hukawia saa ambayo mtaa mzima unapika.

Sasa hilo "kwa saa". Neno "kwa" likikaa kati ya kipimo na muda, sikio la Mswahili husikia kugawanya: kilomita 80 kwa saa, shilingi elfu kumi kwa siku. Ndani ya wati kugawanya huko tayari kumo, maana wati 1 ni jouli 1 (kipimo cha nishati) kwa sekunde. Kusema "wati elfu mbili kwa saa" ni sawa na kusema gari linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa saa.

Ukilifuata neno lenyewe, utaona muda umekuwamo tangu mwanzo. James Watt alikuwa fundi wa injini za mvuke kutoka Uskoti, na alifariki mwaka 1819, kabla umeme haujaingia majumbani. Ili wateja waelewe injini yake, aliilinganisha na farasi: nguvu ya farasi mmoja ni kuinua mzigo wa pauni 33,000 futi moja juu, kwa dakika moja. Dakika imo humo humo. Mwaka 1882 mhandisi William Siemens alipendekeza jina la Watt lipewe kipimo cha nguvu ya umeme, na farasi mmoja wa Watt akawa sawa na wati 746 hivi. Ukikuta pampu ya maji imeandikwa HP 1, ni farasi huyo huyo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Fundi seremala husema chumba ni futi 10 kwa 12, na "kwa" hiyo inazidisha. Kwa hiyo anayeandika "kilowati kwa saa" akimaanisha uniti anaweza kudai naye amezidisha, na hesabu yake iko sawa: uniti 1 ni kilowati 1, yaani wati 1,000, ikizidishwa na saa 1, jumla jouli 3,600,000. Lakini seremala anazidisha futi na futi. Ukiweka saa mwishoni, hakuna msomaji atakayefikiria chumba. Wote watafikiria mwendo wa gari. "Kilowati-saa" inasema jambo lile lile bila kumpoteza mtu, na "uniti" ndiyo bora zaidi, maana kila nyumba yenye mita inaijua.

Nadhani na neno "kula" linachangia. Mafundi wazee husema kifaa "kinavuta" umeme, na hilo ni neno zuri kwa wati, kwa sababu mvuto upo pale kifaa kinapowaka na unakoma kikizimwa. Kinacholiwa ni uniti. Lita 1.7 za maji ya kawaida hadi yachemke zinahitaji karibu uniti 0.15. Umeme ukiwa mzuri, birika linamaliza kazi kwa dakika nne na nusu. Ukiwa wa volti 180, kwa dakika saba. Wati zimepungua sana, ila uniti zilizoliwa ni karibu zilezile, zikizidi kidogo tu kwa joto linalopotea njiani.

Kwa hiyo, kijana wangu wa dukani, hukukosea kusoma kitako. Namba ilikuwa sahihi. Siku nyingine mama kama yule akiuliza, mwambie: "Mama, hili linavuta wati elfu mbili likiwa limewashwa. Likijaa maji linachemka kwa dakika tano hivi, kisha linajizima. Uniti moja itakuchemshia birika zima mara sita."