Tumbo kujaa hewa ukilala na mashine ya CPAP: maswali na majibu

Mashine ya CPAP, ambayo wengi huitamka sipapu, husukuma hewa kupitia barakoa ili koo la mtu ambaye pumzi hukatika usingizini lisizibe. Inasaidia sana, lakini wapo wanaoamka nayo tumbo limejaa kama ngoma. Wengine hukata tamaa na kuirudisha kwenye boksi. Tunaomba usifike huko kabla ya kutafuta chanzo, kwa sababu mara nyingi kinapatikana na kinarekebishika.

Barakoa iko puani. Hewa inafikaje tumboni?

Nyuma ya ulimi njia mbili hukutana: moja huenda kwenye mapafu, na nyingine, yaani umio, huenda tumboni. Umio una misuli miwili ya duara, mmoja juu na mwingine chini penye mlango wa tumbo, inayobana kama kamba ya mdomo wa mfuko. Hufunguka ukimeza. Hata usingizini mtu humeza mate, na kila funda hushuka na hewa kidogo. Kama msuli wa chini ni dhaifu, na ndivyo ilivyo kwa wengi wenye kiungulia, hewa hupita kwa urahisi zaidi.

Nguvu ya hewa hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Mashine nyingi huanzia 4 na kuishia 20. (Tunaiita msukumo ili isichanganywe na presha ya damu.) Ukitaka kuihisi, tumbukiza mrija wa soda ndani ya maji hadi kina cha sentimita 10, kisha puliza mpaka mapovu yatoke. Huo ndio msukumo wa 10. Si nguvu ya kutisha, ila ukiwa nao saa saba mfululizo, funda moja moja hukusanyika.

Nitajuaje kuwa ni hewa ya mashine, si gesi ya chakula?

Angalia saa. Hewa ya mashine husumbua unapoamka, hutoka kwa kubeua sana bila harufu, na hupungua kadiri mchana unavyosogea. Gesi ya chakula huja baada ya kula na mara nyingi huwa na harufu. Jaribio lililo wazi ni kulinganisha asubuhi: kama ulilala bila mashine, labda kwa sababu umeme ulikatika, na ukaamka tumbo laini, jibu umelipata.

Basi nishushe msukumo mwenyewe?

Hapana, na hapa tunasisitiza. Ukiushusha ovyo, koo linaanza kuziba tena, mtu anahangaika kuvuta pumzi na kugugumia hewa zaidi. Msukumo mdogo mno nao hujaza tumbo. Hata kile kipengele cha kupandisha hewa polepole, kinachoandikwa Ramp kwenye skrini, kinaweza kuwa chanzo: mtu mwenye mwili mkubwa akianzia 4 anahisi kukosa hewa, anaanza kuimeza angali macho. Kuanzia 6 au 7 kunaweza kumtosha, lakini hilo aamue na mtaalamu wake.

Nenda kwa daktari na kadi ya kumbukumbu ya mashine, au mashine yenyewe. Omba mwangalie mambo matatu: msukumo uliotumika sehemu kubwa ya usiku, uvujaji wa hewa, na AHI, yaani mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua. Lengo la kawaida ni chini ya 5. Kama AHI ni nzuri na mashine yako hujipandisha msukumo yenyewe, daktari anaweza kushusha kikomo cha juu kwa sentimita 1, mkasubiri siku kadhaa, kisha mkapima tena. Mashine nyingi pia zina mpangilio wa kupunguza msukumo wakati wa kutoa pumzi, na kwa baadhi ya watu unasaidia tumbo. Yote yakishindikana, kuna mashine ya misukumo miwili, wa kuvuta na wa kutoa pumzi.

Niko Dodoma na pua yangu huziba kila kiangazi. Inahusiana?

Inahusiana sana, na kwa mkoa huu tungeanzia hapo. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu, upepo unapeperusha vumbi, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Pua ikikauka huvimba ndani na kuziba, mdomo unafunguka, hewa inatorokea mdomoni, koo linakauka, na mtu anameza mara kwa mara ili kulilainisha. Mashine ya kujipandisha nayo inaweza kuongeza msukumo.

Safisha pua kabla ya kulala kwa maji yaliyochemshwa na kupoa: kikombe kimoja cha mililita 240 na nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Usitumie maji ya bomba au ya kisima moja kwa moja. Dawa za kupuliza zinazozibua pua papo hapo zisizidi siku 3, maana zikiendelea pua huzoea na kuziba zaidi.

Washa tangi la unyevu la mashine. Maji yake yawe yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa yakawa maji safi (distilled), ya matumizi ya hospitali au maabara, siyo "maji ya betri" ya gereji. Maji ya visima vingi vya kanda ya kati yana chumvichumvi, na hata yakichemshwa huacha ukoko mweupe. Ukoko ukitokea, loweka tangi kwa siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 9, kisha lisuuze vizuri. Kila asubuhi mwaga maji yaliyobaki. Na kama mpira unaopeleka hewa kwenye barakoa unatoa mlio wa bwabwabwa usiku wa baridi, ni mvuke uliogeuka maji ndani yake. Punguza unyevu kidogo au uvalishe mpira kitambaa.

Chujio la hewa likague kila wiki. Kwa vumbi la huku, kusubiri ratiba ya kwenye kijitabu kunaweza kuwa kuchelewa: likishakuwa la kijivu au hudhurungi, badilisha. Usiweke mashine sakafuni.

Barakoa ipi inafaa?

Inategemea mdomo wako. Kama pua ni wazi na mdomo umefungwa, barakoa ya pua hutosha. Mdomo ukifunguka, jaribu mkanda wa kidevu, lakini usiufunge mdomo kwa plasta ili kulazimisha. Barakoa ya pua na mdomo inawafaa wengine, ingawa kuna wanaomeza hewa zaidi wakiitumia. Vaa ukiwa umelala, mashine ikiwa imewashwa, ndipo ukaze mikanda. Kukaza kupita kiasi hukunja mpira wa barakoa na kuongeza uvujaji.

Nilaleje?

Kwa ubavu, hasa wa kushoto, kwa sababu mlango wa tumbo unakaa juu na asidi hairudi kwa urahisi. Inua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwa vipande vya mbao imara chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakufanyi kazi hiyo: hukunja shingo na kiuno, na tumbo linabanwa.

Na chakula?

Maharage, kunde na njugu mawe si adui. Viliwe mchana, siyo saa nne usiku. Chakula cha jioni kiwe cha wastani, na kiliwe muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Ugali kwa mlenda wa kiasi si tatizo. Soda jioni acha kabisa, maana ni gesi unayoinywa kwa hiari. Pombe hulegeza koo na msuli wa umio pamoja. Kwa wanaofunga Ramadhani, shida kubwa ni daku: mtu anakula akashiba na kurudi kitandani papo hapo. Punguza kiasi, ukae wima hadi sala ya Alfajiri ipite.

Nimeshaamka na tumbo limejaa. Nifanyeje?

Keti wima, ubeue bila kujilazimisha, maana kujilazimisha humezesha hewa nyingine. Tembea dakika 10 hadi 15. Hewa iliyoshuka utumboni hutoka ukilala chali na kuvuta magoti kifuani. Dawa ya gesi iitwayo simethikoni hukusanya mapovu ili yatoke, lakini haizuii hewa ya usiku unaofuata.

Kisha andika kwenye daftari: saa ya kula, ulivyolala, hali ya pua, tumbo asubuhi kwa alama 0 hadi 10. Badilisha jambo moja tu kila baada ya siku 5 hadi 7. Ukibadilisha matano kwa usiku mmoja hutajua lipi lililosaidia.

Mimi ni dereva wa lori. Naweza kuiacha mashine kwa wiki moja nipumzike?

Usiache bila kuzungumza na daktari. Kukatika pumzi hurudi mara unapoacha, na usingizi wa mchana hurudi nao. Barabara ndefu iliyonyooka kati ya Dodoma na Singida haimsamehe aliyesinzia. Kama tumbo haliruhusu kulala na mashine, sema hivyo kliniki na usishike usukani ukiwa na usingizi.

Lini niende hospitali bila kusubiri?

Ukitapika, vua barakoa mara moja, hasa inayofunika mdomo, kwa sababu matapishi yanaweza kusukumwa mapafuni. Nenda siku hiyo hiyo kama tumbo ni gumu na linauma bila kupungua, kama huwezi kutoa upepo wala choo, au kama unatapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au umio karibuni amuulize daktari wake wa upasuaji kabla ya kuvaa barakoa tena. Na maumivu ya kifua yanayosambaa begani au taya, pamoja na jasho jembamba, yasiitwe gesi hata kama gesi unayo. Nenda wodi ya dharura usiku huo huo.