Nguo chache si lazima ziwe nyeusi na nyeupe

Wengi wanaotaka kupunguza nguo kabatini huamini lazima waanze na orodha ileile: shati jeupe, suruali nyeusi, sweta la kijivu, koti refu. Orodha hiyo ina kwao. Mwaka 1985 mbunifu Donna Karan wa New York alitoa vipande saba vya kuvaliwa kwa kuchanganywa, akimlenga mwanamke wa kazini katika jiji lenye baridi kali. Tanga au Mombasa, koti hilo litaota ukungu tu.

Kinachofanya nguo chache zitoshe ni kukubaliana kwake, rangi iwe iliyokoza au iliyopoa. Blauzi 5 na sketi 4 zinazopatana zote hukupa mivao 20. Na kitenge kinakusaidia hapo kuliko hata nyeusi: chenye bluu, njano na nyeupe tayari kimekuchagulia rangi, kwa hiyo sketi yake hupokea blauzi ya rangi yoyote kati ya hizo tatu. Tatizo ni mshono. Gauni la kitenge, hata likikukaa vizuri namna gani, lina mvao mmoja. Mwambie fundi akukatie sketi na blauzi, kila moja peke yake. (Sare za harusi tuziache, hizo zina mambo yake.)

Hujui upunguze zipi? Geuza hanga zote zielekee upande mmoja. Kila uvaapo nguo, irudishe hanga yake ikielekea upande wa pili. Baada ya miezi kadhaa, ambazo hanga hazijageuka zitakuwa zimejitaja zenyewe.