Mchungaji, moto na pipa la bourbon

Wapenzi wa wiski husimuliana kwamba mwaka 1789 Elijah Craig, mchungaji Mbaptisti wa jimbo la Kentucky, Marekani, aliunguliwa na ghala, akatia wiski kwenye mapipa yaliyobabuka, na bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, ikazaliwa. Hadithi tamu, ila ushahidi hakuna.

Craig alikuwepo kweli, na wiski alitengeneza, kama walivyofanya wakulima wengi jirani zake. Alifariki mwaka 1808. Sifa ya uvumbuzi alibandikwa miaka mingi baadaye, na wauzaji wa pombe wakaishikilia. Jina la mchungaji huvutia wateja, bwana.

Kuhusu mapipa, tunayo barua ya mwaka 1826. Mfanyabiashara wa Lexington, mji wa Kentucky, anamshauri mtengenezaji wiski, John Corlis, aunguze mapipa kwa ndani, kina cha takriban milimita moja na nusu tu, ili kinywaji kiwe bora. Huyo ni mnunuzi anayejua anachotaka, si mtu aliyeponea ajali. Moto huamsha sukari iliyomo kwenye mti wa mwaloni, nao mkaa hupunguza ukali wa pombe changa.

Na ili wiski iitwe bourbon, Kentucky si sharti: sheria ya Marekani inadai angalau asilimia 51 ya nafaka iwe mahindi, na mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa. Jimbo lolote linaruhusiwa.