Kuku waliochanjwa wakifa kwa mdondo: jeni ya F inasema nini

Kuku waliochanjwa wakianza kufa kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, wafugaji husema kirusi kimebadilika. Huenda, lakini kupasua mzoga hakutoshi kuthibitisha hilo. Vinasaba vya kirusi kilichoua hulinganishwa na vya kirusi cha chanjo.

Kazi huharibikia zaidi kwenye sampuli. Pangusa koo na njia ya haja kwa kijiti cha pamba chenye mpini wa plastiki. Chagua kuku anayeumwa au aliyekufa punde, na peleka sampuli ikiwa kwenye boksi la barafu. Kinasaba cha kirusi hiki ni RNA, nayo huoza upesi. Mzoga uliolala juani ni wa kufukiwa tu. Andika pia tarehe ya chanjo, maana kuku aliyechanjwa juzi hutoa kirusi cha chanjo, na maabara isiyojua itakisoma hicho.

Maabara hunakili RNA kuwa DNA, huizidisha kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kisha husoma jeni ya F, inayobeba maelekezo ya protini ambayo kirusi hutumia kuingia kwenye seli: herufi 1,662 kati ya takriban 15,200 za kirusi kizima. Macho hukimbilia nafasi ya 112 hadi 117 ya protini yake, mahali panapokatwa ndipo kirusi kiweze kuingia kwenye seli. Chanjo ya La Sota ina GRQGRL hapo (kila herufi ni asidi amino moja, tofali la protini), nayo hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo tu. Kirusi kikali mara nyingi huwa na RRQKRF, na kimeng'enya cha kuikata kimo karibu kila kiungo. Ndiyo maana kinafika hadi kwenye ubongo na shingo ikapinda.

Jeni nzima huonyesha pia ukoo. Kipande kifupi hupotosha. Virusi vikali vya kundi la kinasaba la V (la tano) vimepatikana Tanzania, Kenya na Uganda. La Sota ni kundi la II, na I-2, ile ya tone la jicho, ni kundi la I. Hapa wengi huteleza: ukoo tofauti haumaanishi chanjo ni bure. Kinga ya kundi moja hutambua jingine, hivyo kuku aliyechanjwa vizuri kwa kawaida hafi, ingawa anaweza kuambukizwa na kumwaga kirusi bandani. Kwa hiyo jibu likirudi "kundi la V", kagua kwanza kama chanjo ilipata joto, kama maji ya kuichanganyia yalikuwa na klorini, na kama miezi 3 au 4 ilipita bila kurudia.