"Siri ya Hogan" haitanyoosha mpira wako

"Mwalimu, nifundishe siri ya Ben Hogan, nami mpira wangu unyooke." Ombi hili la wanafunzi wangu wa gofu, kuhusu bingwa huyo wa zamani wa Marekani, limenichosha, hasa kwa kuwa karibu kila anayeliomba mpira wake hukata kulia. Tatizo la Hogan lilikuwa kinyume: mpira ulimpindia kushoto vibaya, ukamnyima ushindi miaka mingi. Ndiyo maana aliusogeza mkono wa kushoto ukae zaidi upande wa kushoto wa mpini, na fimbo ilipofika juu akakikunja kifundo cha mkono huo kwa nyuma, ili uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira, usijifunge kwa kugeukia kushoto anapogonga. Aliyaeleza mwenyewe katika jarida la Life mwaka 1955, akaonya kwamba mchezaji mbaya yatamharibu. Onyo hilo hakuna anayelikumbuka! Uso wa fimbo yako tayari umefunguka, unatazama kulia. Ukimwiga, unaufungua zaidi, na mpira utaufuata vichakani.

Kama unapiga kwa mkono wa kulia, shika fimbo uutazame mkono wa kushoto. Usipoona vifundo viwili vya vidole, au hata vitatu, anzia hapo: uzungushe mkono huo kulia mpaka uvione. Hogan mwache mpaka siku mpira wako utakapoanza kukupindia kushoto.

Wengine husema alizaliwa bingwa. Alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji huko Fort Worth, Texas, akaingia gofu ya kulipwa mwaka 1930, akaishiwa fedha zaidi ya mara moja. Ushindi wake wa kwanza akicheza peke yake ulikuja Pinehurst, mwaka 1940. Miaka 10! Nawe wiki ya tatu tu unataka kubadilisha fimbo.

Eti ajali ilimmaliza? Tarehe 2 Februari 1949 basi liligongana uso kwa uso na gari lake. Alijirusha kumkinga mkewe, Valerie, akavunjika nyonga na mtulinga. Kati ya meja zake 9, yaani ushindi katika mashindano manne makubwa ya gofu, 6 alizitwaa baada ya hapo. Katika uwanja wa Merion, US Open ya 1950, alimaliza mashimo 36 kwa siku moja huku miguu ikimtesa, na kesho yake akacheza mengine 18 kuwashinda Lloyd Mangrum na George Fazio, waliokuwa wamelingana naye.

Na wanaosema mwaka 1953 alitwaa meja zote nne wanakosea. Alitwaa tatu: Masters, US Open na Open ya Uingereza. Tarehe za PGA, meja ya nne, ziligongana na safari ya Carnoustie, Scotland, ilikochezwa Open ya Uingereza, na hiyo ndiyo Open pekee ya Uingereza aliyowahi kucheza.