Si kila goti linalouma lina baridi: maswali na majibu

Mama analima mwani, anasema goti linamuuma kwa baridi ya maji. Kweli?

Maji hayachakazi goti. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, Unguja, huinama na kuchutama saa nyingi, kisha hubeba mwani mbichi, mzito kwa maji. Mkao huo na mzigo huo ndio unaolisumbua. Ncha za mifupa ya goti zimevikwa gegedu, tabaka laini lenye utelezi. Likilika, na misuli ya paja ikalegea, goti hukwaruza na kuvimba. Baridi huenda ikayafanya maumivu yasikike zaidi, lakini aliyejifunika shuka tu hajatibu kitu.

Nitajuaje ni ugonjwa gani?

Tazama saa na mahali. Goti lililochakaa huuma likitumika. Asubuhi hukakamaa, kisha hulegea ndani ya nusu saa. Baridi yabisi yenyewe hushika vifundo vya vidole, kwa kawaida mikono yote miwili, na ukakamavu huvuka saa nzima: mtu anashindwa hata kukamua tui. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku na kwenye kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu hata shuka haivumiliki. Maini, figo na dagaa wengi huuchochea. Viungo vikianza pamoja na homa kali, huenda ni chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu.

Goti limechakaa. Nipumzike?

Siku mbili tatu likivimba, sawa, pamoja na barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15. Zaidi ya hapo mapumziko hudhoofisha paja, na paja ndilo linalolishika goti.

Kaa kwenye kiti kigumu. Nyoosha mguu mmoja hadi goti linyooke kabisa, kaza paja, hesabu hadi 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili ongeza hili: simama kutoka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mara 10. Wengi hukosea kwa kuutupa mguu haraka, paja lisifanye kazi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakikesha hadi kesho yake, punguza idadi, usiache. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu.

Kwa mnene, kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Bakora ishikwe mkono wa upande usiouma, kimo chake kiishie kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima.

Na kukuna nazi? Na sala?

Mbuzi ya chini hulikunja goti kupita kiasi. Iweke juu ya benchi imara, sinia juu ya kigoda. Kwenye sala, mwenye udhuru huruhusiwa kukaa kitini na kuinama kwa ishara, sujudi akiinama zaidi ya rukuu. Msimlazimishe bibi kupiga magoti.

Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba yanafaa kuchulia?

Hupasha moto na kutuliza kwa muda; hayarudishi gegedu. Yakipakwa matupu huunguza ngozi, basi tone 1 tu kwenye kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi. Yasinywewe kamwe, na mtoto asiyafikie: yanaweza kuharibu ini.

Vidonge je?

Parasetamo ya miligramu 500: vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Diklofenaki ina nguvu zaidi, lakini huchoma tumbo, huumiza figo na hupandisha presha. Usiimeze pamoja na ibuprofeni. Vidonge visivyo na jina vinavyomaliza maumivu siku moja viogopwe. Vingine huwa na steroidi: uso huvimba, sukari hupanda, mifupa hudhoofu.

Lini niende hospitali?

Siku hiyo hiyo, ikiwa kiungo kimoja kimevimba kikawa cha moto na una homa, kwa sababu usaha hulila gegedu kwa siku chache tu. Vilevile mtoto anayechechemea kwa homa, mwenye selimundu aliyeshikwa na maumivu ya viungo, au aliyeanguka mkarafuuni asiweze kukanyaga. Vifundo vya vidole vikibaki vimevimba zaidi ya wiki tatu, nenda hata kama unavumilia. Baridi yabisi inayotibiwa mapema haipindi mikono kirahisi.